Nilimpa Shangazi Macho Mekundu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usipoteze muda kunitafutia visingizio, maana watu wenye huruma nyingi hunichosha. Sikulaghaiwa, sikulewa, na sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na dharau iliyonijaa mpaka kooni.

Mimi ni mchoraji. Nachora kwa kompyuta, na nachora mambo ya kale: watemi waliogeuka chatu, ng'ombe waliotoka majini, mazimwi ya hadithi. Wakati huo Bariadi nzima hakukuwa na mwingine wa aina yangu, au labda alikuwepo nami sikumjua, lakini kwa kiburi changu hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Nilijibanza kona ya nyuma ya duka la stationari pale Somanda, kwenye kompyuta iliyozimika kila umeme ukikohoa. Watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi, mimi nawatazama kama mbuzi waliopotea njia. Nilikuwa najiuliza nani kati yao anaweza kuelewa ninachofanya. Mjinga mimi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba wameshaachiwa soko, kila mmoja anawabembeleza wakulima wamuuzie yeye. Huyu anagawa kofia, yule anagawa fulana. Tajiri mmoja akataka kalenda. Alimwona chatu wangu ukutani pale dukani, akasema, "Nichoree picha sita za namna hii, za hadithi za wazee wetu. Nataka zitundikwe kila nyumba."

Kila nyumba! Nilitembea siku nzima kama niliyeoa.

Hadithi zote nilizijua kutoka kwa mtu mmoja, Shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa mjane, anaishi peke yake upande wa Zagayu, na mahindi yake na kipande chake cha pamba. Utotoni tulikuwa tunamenya karanga huku akinisimulia. Aliyoipenda kuliko zote ni ya bibi aliyeificha mvua. Mtemi mlafi alitaka kuiuza mvua ya nchi yake kwa watu wa mbali. Bibi mmoja akaiiba, akaificha kwenye chungu uvunguni. Watu walimtukana, walimpiga, ng'ombe wakafa, yeye kimya. Mtemi alipokufa, bibi akakivunja chungu mwenyewe, nchi ikajaa majani. Huyo ndiye shujaa wa hadithi, naomba ulielewe hilo, kwa sababu mimi niliyepewa hadithi nzima niliamua kutolielewa.

Nilihitaji uso. Nikaenda kwa Shangazi na kamera ya dukani, nikampiga picha jikoni, ameinama juu ya chungu cha maji. Alikuwa amejifunga kitenge kipya kwa ajili yangu.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniuliza, "mimi nitakuwa nani humo?"

"Bibi wa mvua."

Akacheka kwa furaha, akanishukuru. "Wabeja. Yule alikuwa mtu mwema."

Nikarudi Somanda, nikaiweka picha kwenye skrini, nikaanza kuchora juu yake. Macho ya Shangazi yalikuwa na wekundu kidogo wa moshi, maana kule mama akikosa kuni hupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Ni macho ya kila mama wa kule. Mimi nikayaongeza. Nikaongeza tena, mpaka yakawa kama pilipili iliyoiva. Nyuma yake nikalaza mizoga ya ng'ombe na ardhi iliyopasuka. Sehemu ya pili ya hadithi, ile ya majani na watu wanaocheza, niliitupa. Niliona inafanana na tangazo la sabuni.

Usiniambie labda sikujua. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, hilo analijua hata mtoto anayetambaa. Kuna wanawake waliouawa kwa sababu ya moshi wa majiko yao. Nilijua vizuri. Nilijiambia hayo ni mambo ya washamba, mimi niko kwenye sanaa.

Chini ya kila picha nilikuwa nimeandika hadithi yake kwa mistari mitatu. Tajiri akasema maandishi yanakula nafasi ya jina la kampuni. Nikayafuta bila kubisha hata kidogo. Picha ya Shangazi nikaiweka karatasi ya mwisho, Novemba na Desemba, ili watu wamalize mwaka wakinishangaa.

Walinishangaa kweli. Mwaka ule mvua ilichelewa. Oktoba ilikuwa kavu, Novemba ikaingia kavu, watu wameshalima na mbegu zimo ndani zinasubiri. Wakifunua kalenda, wanamwona jirani yao ukutani na macho yale, amekumbatia chungu kilichofunikwa. Wazee waliikumbuka hadithi nusunusu. Vijana hawakuikumbuka kabisa, na picha ilikuwa inawatosha.

Siku moja mchana wakaja dukani wanaume wanne kwa baiskeli, wamejaa vumbi. Kiongozi wao alikuwa jirani wa Shangazi, nitamwita Mzee Masunga, ingawa silo jina lake. Kalenda aliyokuwa ameikunja kwapani akaikunjua mbele yangu.

"Mwadila, kijana wetu," akanisalimia. "Hatukuja kwa ubaya. Kule maneno yamekuwa mengi. Huyu si shangazi yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na macho haya, ni yake, au umeyatia wewe? Tuambie tu, twende tukawatulize wenzetu."

Ona alivyoniuliza. Jibu lilikuwa mkononi mwake, mimi nilikuwa wa kulipokea tu. Lakini dukani walikuwamo walimu wawili waliokuwa wanaisifia kazi yangu dakika ile ile, na mimi nilikuwa nimeokota maneno kwa mchoraji mmoja wa Mwanza, maneno niliyoyaona makubwa. Nikayatoa bila hata kugeuza kiti.

"Mzee, msanii haelezi kazi yake."

"Kwa hiyo hukatai."

"Sielezi."

Akaikunja kalenda taratibu, akasema wabeja, wakaondoka. Ndiyo, alinishukuru. Walimu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Kesho yake asubuhi kundi la watu liliingia kwa Shangazi. Walivunja vyungu vyote: cha maji, cha nafaka, hata kile kibovu alichotagia kuku. Walikuwa wanaitafuta mvua. Kisha wakamwambia jua lisizame akiwa bado kijijini, la sivyo wao wasilaumiwe kwa lolote litakalomkuta. Aliondoka na mfuko mmoja, akaenda Malampaka kwa binti yake, jirani na stesheni.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Ilinyesha mpaka mito ikakata njia.

Wahenga wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, akala Shangazi peke yake.

Nilikaa wiki mbili ndipo nikapata uso wa kwenda Malampaka. Nilimkuta chumba cha nyuma. Kwetu mama hakai nyumba moja na mkwe wake, ni aibu isiyo na maelezo. Kwa hiyo mkwe akikohoa sebuleni, Shangazi anarudi nyuma ya mlango. Akienda kazini, ndipo yeye anatoka kwenda chooni. Mwanamke aliyekuwa na nyumba yake na shamba lake! Nililia mbele yake, na machozi yangu yenyewe niliyaona ya kijinga.

Nikamwambia nitachora picha nyingine, ile sehemu ya pili, yenye macho masafi, niigawe kila nyumba.

"Picha nyingine ya nini?" akasema. "Walikuuliza kwa mdomo. Wewe mdomo huna?"

Wiki hiyohiyo nikaenda Zagayu. Mzee Masunga akanikusanyia watu. Nikasema yote: kwamba macho niliyatia mimi, kwa mkono wangu, nimekaa kwenye kiti; kwamba hadithi ina nusu ya pili; kwamba bibi yule alikuwa mwema. Walinisikiliza mpaka mwisho na hakuna aliyenikatiza. Nilitamani wanitukane.

Mzee Masunga akaonyesha shamba lililokuwa nyuma yangu. Mahindi yalikuwa yameota, ya kijani, mistari kwa mistari.

"Tunakushukuru kwa kuja," akasema. "Lakini sisi tulivunja vyungu, na mvua ikanyesha. Sasa tuamini nini, maneno yako au mahindi haya?"

Shangazi bado yuko Malampaka. Shamba lake linalimwa na mtu mwingine. Mimi bado nachora kwa sababu sijui kazi nyingine, na watu wakinisifu nawadharau, kisha nakumbuka dharau ilinifikisha wapi, nanyamaza.

Wewe unayechora, unayetunga, unayepiga watu picha, nisikilize. Ukichukua uso wa mtu wako ukautia kwenye kazi yako, na watu wakaja kukuuliza, wajibu. Wajibu siku hiyohiyo, hata kama unawaona wajinga, hata kama kuna wakubwa wanakutazama. Mimi nilijibu vizuri sana, kwa ukweli wote na kwa machozi, mvua ikiwa imeshanyesha.