Ukuta wa Kubomolewa Saa Tisa

Kila siku tulijenga, na kila ikifika saa tisa mwalimu alipaza sauti: "Bomoeni!" Nililichukia neno hilo jamani, usiniulize. Chuo cha ufundi cha serikali hakikuwa na tofali za kutosha, kwa hiyo ukuta uliousimamisha tangu asubuhi uliubomoa mwenyewe, ukakwangua tofali, ukazipanga kwa ajili ya kesho. Tulijengea udongo badala ya saruji, ili zibanduke kirahisi.

Mama hakulielewa jambo hilo hata kidogo. Akishuka kutoka milimani na tenga la mboga, akishauza sokoni alipita chuoni, na kila mara alikuta uwanja mtupu. "Muda wote huu hata choo hujajenga?" Kwake, serikali ilishatuchezea. Kiwanda alichofanya kazi kaka yangu kilibinafsishwa, kaka akapunguzwa, sasa alikuwa nyumbani ameshika tama. Siku moja mama akaniambia waziwazi: "Jumatatu nakuja kukuchukua. Jembe lako lipo palepale."

Thubutu! Jumatatu hiyo nilijenga kama niliyepagawa. Kona yangu ilisimama wima, timazi haikuikuta na kosa. Nikamwomba mwalimu auache ukuta wangu, huo mmoja tu, hadi kesho.

"Na wenzako wajengee nini?" akanijibu. Nilimkasirikia, ingawa alikuwa sahihi.

Siku hiyo mama aliwahi, akaukuta umesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akauzunguka, akaupapasa kwa kiganja. "Wewe ndiye uliyeujenga huu?"

Kabla sijajibu: "Bomoeni!"

"Haa! Mbona mzuri?" mama akamaka.

Machozi yalinilenga, wala sikuyaficha. Nikashika nyundo, nikaanza na tofali za juu. "Kesho nitaujenga tena, mama. Na keshokutwa. Wabomoe mpaka wachoke, mimi siondoki hapa mpaka niwe fundi."

Mama alikaza kitenge chake, akachuchumaa kando yangu, akaokota kipande cha bati na kuanza kukwangua udongo. Tulifanya kazi mpaka tofali zote zikapangwa.

Kisha akajitwisha tenga lake tupu.

"Lile jembe lako," alisema, "nampa kaka yako."

Akashika njia ya mlimani peke yake.