Hodi ya Mara Tatu

Jamani, leo nimeifukuza posa yangu mwenyewe!

Niko peke yangu nyumbani, nasoma riwaya kwenye simu. Kuna jini mtanashati huyo, anapiga hodi mara tatu. Ukimjibu "karibu" tu, umeolewa.

Nimefika hapo hapo, nasikia mlangoni:

"Hodi!"

Nikajiziba mdomo, "karibu" isije ikanitoka.

"Hodi!"

Jasho likanitoka.

"Hodi wenyewe!"

Nikapiga kelele: "Siolewi na wewe! Rudi ulikotoka, shetani!"

Kuchungulia dirishani, namwona mzee wa watu na kanzu yake, bahasha mkononi, anapanda bodaboda kurudi kwao Kimamba.

Mshenga wa mchumba wangu! (Si walisema atakuja Jumapili?)

Hata shikamoo sijampa.

Sasa hivi mchumba kaniandikia: "Jibu limefika."

Nishaurini, nimtumie riwaya nzima au ukurasa ule tu?