Jina la Shangazi

Harufu ya kuku wanaozungushwa kwenye mashine ya kuchomea, ikichanganyika na zeituni za chumvi na mafungu ya nanaa, mpaka leo inanirudisha utotoni. Nikipita soko la Jumapili pale kituo cha treni cha Gare du Midi, mtu mzima na mfuko wangu wa viazi, hunibidi nisimame kidogo. Pale ndipo nilipokuwa nikikutana na mdogo wangu Mariamu, miaka ile tulipokuwa tunasoma shule mbili tofauti katika mji mmoja.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi na Mariamu tumeachiana ziwa. Tulitoka Bujumbura tukiwa wadogo, tukaja nchi ya wazungu, tukalala kitanda kimoja mtaani Evere, na koti zito la baridi lilikuwa moja: leo langu, kesho lake, na asiyekuwa na zamu anavaa sweta mbili na kununa. Shangazi Zuhura, dada yake baba, alikuwa na chumba kimoja Uccle, mtaa wa wenye pesa, akiwatunza wazee wa kizungu majumbani mwao. Mungu hakumjalia mtoto. Siku moja alikuja kwetu, akala wali, akafuta mikono, akamwambia baba, "Bon, mimi namuchukua wajina wangu. Kule kuko shule ya nguvu."

Wajina wake nilikuwa mimi. Kwetu, mtoto aliyepewa jina la shangazi ni kama nusu yake, akimtaka hanyimwi, na baba hakuthubutu kubisha. Hakuna aliyeuliza ni yupi kati yetu anayependa kusoma. Wangeuliza, angekwenda Mariamu, kwa sababu mimi kitabu nilikuwa nakitumia kuulia nzi.

Basi nikahamia Uccle. Shule ilikuwa na miti mikubwa uani, maktaba yenye mito ya kukalia, na madamu mmoja aliyetufundisha kuanzia Septemba mpaka likizo kubwa. Nilikuwa mweusi peke yangu darasani. Waliniuliza kuhusu simba, nami ambaye simba nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya Evere, niliwasimulia mambo ya ajabu bila haya. Kwa kifupi, nilistarehe.

Jumapili nilimkuta Mariamu ananisubiri karibu na muuza zeituni, huku mama akigombania bei ya nyanya. Hakuniuliza habari za shangazi wala chakula. "Wiki hii mulisoma nini?" Hilo ndilo swali lake. Nikamweleza kugawanya kwa tarakimu mbili, jambo lililoniliza usiku kucha, naye akalishika papo hapo, akakokotoa kwa kalamu juu ya mfuko wa zeituni, mafuta yanapenya, yeye anaendelea.

"Na ninyi je?"

"Tulipaka rangi. Madamu anaumwa, mwengine hajakuja."

Alikuwa hodari wa kupaka rangi, hilo siwezi kumnyima. Hakuvuka mstari kamwe. Darasani mwao watoto wengi walikuwa wamefika juzijuzi na Kifaransa hawajui, kwa hiyo anayekijua anapewa picha apake, atulie, awasubiri wenzake.

Mwaka huo shule yetu ilifanya sherehe ya kufunga mwaka, nikamwalika. Alitembea uani na gofri, ule mkate wa sukari, mkononi, anatazama tu. Hakula. Baadaye akaninong'oneza, "Kwetu muzungu ni madamu peke yake."

"Kwetu muntu mweusi ni mimi peke yangu," nikamjibu, tukacheka mpaka sukari ikatumwagikia nguoni.

Jioni ile, tukiwa kwenye tramu na mama, Mariamu alinyoosha mkono kama yuko darasani. Alikuwa na shauri. "Mama, tufanye kama koti. Mwaka huu Zuhura, mwaka kesho mimi. Shangazi atakuwa na mutoto muzima tu, hatapungukiwa kitu."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akamweleza jirani yake wa kiti, papa mmoja, mzee wa Lubumbashi, naye akacheka, akasema, "Alors, huyu atakuwa wakili." Mariamu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu koti ni la wawili, na mwenye zamu akikubali, basi. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha tramu, na mama alipocheka nilihisi nafuu kubwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichodhani kimeibiwa. Nafuu ile naijua mpaka leo, na siipendi.

Hakusema tena habari ya zamu. Alipomaliza shule ya msingi, walimu wake waliwaita wazazi wetu wakawaambia binti yao ana mikono mizuri, aende shule ya kazi za mikono. Baba na mama wakashukuru, maana waliona mtoto amesifiwa. Leo Mariamu anawaosha wazee Uccle, kazi ileile ya shangazi, na tramu yake asubuhi inapita mbele ya shule yangu ya zamani. Mimi ndiye niliyekuja kuwa wakili. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilipendwa zaidi, kisha kwamba nilijitahidi zaidi. Kumbe nilipewa jina, basi.

Mariamu alipojifungua mtoto wa pili, siku ya saba tulijaa nyumbani kwake, na baba yetu akamtangaza mtoto: Zuhura. Nililia mbele za watu. Nilidhani amenienzi, na kwamba yaliyopita amenisamehe. Mariamu akaniwekea mtoto mapajani, akamfunika miguu taratibu.

"Dada, shule za huko Uccle kwenu zinapokea kuanzia miaka mingapi?"

"Miwili na nusu," nikasema.

"Donc haiko mbali." Akamgusa mtoto shavu. "Jina anayo."

Nilimwambia amlete, nyumba yangu ina nafasi. Nilisema haraka, kabla sijafikiri, nikaona uso wake unalegea kama nilivyolegea mimi kwenye tramu ile. Miguuni petu, juu ya zulia, Halima, binti yake wa kwanza, mwenye jina la bibi yake mzaa baba, alikuwa amelala kifudifudi na kalamu zake, anapaka rangi. Hakuvuka mstari hata mahali pamoja.