Panya wa Maabara na Dawa ya Mama Mkwe

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa panya. Mimi nilijiandaa kwa ufagio, maana shule yangu iliishia darasa la nne. Mkuu wa Maabara akanipeleka kwenye vizimba vyao, weupe pepepe, akasema, "Hawa ndio waajiri wako." Nyumbani Somanda mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Wenzako wanachunga ng'ombe! Mwangaluka, baba panya!" akanisalimu kwa kilugha chetu. Jina likaniganda, hata bodaboda wakalijua.

Kazi yenyewe, vijana, ilikuwa hivi. Magome yanakaushwa kivulini, yanasagwa, yanalowekwa, yanachujwa, kisha yale maji yanakaushwa mpaka kibaki kitu kizito kama lami. Hicho ndicho kiziduo. Panya wengine wanakinywa, wengine wanapewa maji matupu, halafu wote wanapewa dawa ya homa kupita kiasi, ile inayoharibu ini. Ini likiumia, vimeng'enya vyake vinavuja kwenye damu, ndiyo maana tunawapima damu. Na panya hashikwi kwa hasira. Kidole changu hiki kinajua, ila tuyaache hayo.

Sasa yakaja magome kutoka Lalago. Mwenye dawa? Mama mkwe wangu! Watu wenye macho ya manjano walimwendea miaka na miaka. Nikakosa raha. Dawa ikionekana bure, nani atamwambia? Kwetu mkwe hasimami uso kwa uso na mama wa mkewe, aibu hiyo nitampelekeaje?

Mkuu akaniita. "Nasikia unawaombea panya wanaokunywa dawa ya mkweo."

"Kidogo tu, mkuu."

"Waombee wote au uache."

Akabandua maandishi kwenye vizimba, akabandika rangi ambazo maana yake alijua yeye peke yake. Tangu hapo nikawahudumia sawasawa, sijui yupi ni yupi. Najivunia hilo mpaka leo: majibu yale hayakuwa na mkono wangu.

Yakatoka. Dozi ndogo ilikinga ini vizuri. Dozi kubwa yenyewe ikaliumiza. Na mama alikuwa anawapimia watu kibuyu kizima!

Tukaenda Lalago. Nikakaa nje ya mlango, mke wangu ndani akapokea maneno.

"Mwambie mayu, mama yako, dawa yake inakinga ini."

Kigelegele.

"Mwambie pia, ikizidi inaumiza. Hao ni panya, kwa watu bado haijapimwa."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Ndipo nikasikia sauti ya mama: "Mwambie mkwe wangu, wengine wote walinisifu tu. Yeye kaniletea ukweli. Mchinjieni kuku."

Nimestaafu kama msaidizi wa maabara, siyo mfagizi. Mama bado ana nguvu, lakini kile kibuyu amekiweka juu kabisa. Mtu akija na macho ya manjano, anamtuma kwanza hospitali akapimwe damu. Akinung'unika, mama anamuuliza, "Dawa yangu ilikubali kupimwa, wewe ni nani?"