Rotuli Niliyochonga kwa Mchi

Sikusoma sana. Miaka mitatu kwa mapadri, halafu njaa ikaniita bandarini. Lakini mikono yangu kila mutu wa Kisangani anaijua, kuanzia Makiso hadi ng'ambo ya mto. Nilianza kwa kuosha pistoni za watu kwa mafuta ya mazuti. Kabla sijatimiza miaka thelathini nilikuwa na karakana yangu na motokari yangu mwenyewe: ya Amerika, milango miwili, silinda nane, pua ndefu kama pirogi, mtumbwi wa mtoni. Mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliiacha ikiwa ganda tupu. Mimi niliifufua. Ikipita, watu wa toleka, wabeba abiria, walishuka kwenye baiskeli zao ili waitazame vizuri.

Vita vilipoifunga njia ya mto, mashua za Kinshasa zilikoma kuja, na vipuri vikakoma pamoja nazo. Mwaka huo huo bibi yangu niliyemwoa akaanza kuvimba tumbo. Munganga wa hospitali alituambia ni uvimbe, lazima ukatwe, na kwamba hapa dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi imekwisha. Goma wanaweza, alisema. Goma ilimaanisha ndege, na ndege zilikuwa za wanajeshi na za wafanyabiashara wakubwa.

Mmoja wao, mtu wa Butembo aliyeuza sabuni na maharagwe kwa jumla, mkatoliki wa misa ya kwanza, alikuwa ameitamani gari yangu tangu zamani. Nikamwendea. Tukapatana hivi: nimpe gari inayotembea vizuri, naye ampandishe bibi yangu ndege na kumsimamia operesheni kule Goma. Bon. Lakini gari ilikuwa imelala karakanani, gurudumu la mbele la kushoto limeinama kama mguu uliovunjika.

Ilikuwa rotuli ya chini. Rotuli ni kichwa cha chuma, mviringo, kinachokaa ndani ya kikombe. Ndiyo inayobeba uzito na kuliacha gurudumu ligeuke. Kichwa kilikuwa kingali kizima, ila kikombe kilikuwa kimelika hadi kinacheza. Nilizunguka mji wote. Rotuli za malori ya jeshi zilikuwa nene mno, za taksi nyembamba kama kidole cha mtoto. Mafundi wenzangu walisema niache. Wao walijua kutoa kitu na kuweka kitu. Kama kitu hakuna, wanakaa chini.

Mimi niliutazama mchi wa bibi yangu. Ulikuwa wa mti mgumu, mwekundu, kutoka Opala. Alikuwa ametwangia mbila, matunda ya mawese, miaka kumi na minne, mafuta yakaingia hadi moyoni mwa mti. Niliona aibu kuuomba. Yeye mwenyewe aliuleta karakanani, akauweka juu ya meza.

"Papa, kata," alisema. "Tumbo iko yangu."

Niliifunga springi kwa mnyororo wa mashua, maana ikiruka inaua. Nikaifungua rotuli, nikakata kipande cha mchi, nikachimba bakuli dogo. Nilikipaka kichwa cha chuma masizi, nikakizungusha ndani ya mti, nikakwangua kila palipoguswa na weusi, tena na tena, hadi bakuli lote likawa jeusi sawasawa. Halafu nikakichemsha kipande ndani ya mawese siku nzima, nikakipachika ndani ya kikombe kilicholika, na gurudumu likasimama wima. Hakuna aliyenifundisha.

Mfanyabiashara alikuja Jumatatu. Aliendesha mwenyewe hadi daraja la Tshopo na kurudi, akipita mashimo ya mabomu bila kupunguza mwendo. Aliposhuka alikuwa anacheka. Alisema ndege inaruka Alhamisi, bibi yangu awe uwanjani asubuhi. Kisha, ufunguo ukiwa tayari mfukoni mwake, akaniuliza kwa kunisifu tu:

"Tonton, mto umefungwa. Rotuli ulipata wapi?"

Ningesema nilipata kwa mutu. Ingetosha.

"Mimi, kupata? Nilichonga," nilimwambia. "Ndani mule iko muchi ya bibi. Unionyeshe fundi mwingine katika Kongo hii mwenye anaweza."

Nikamletea hata kipande kilichobaki ili akishike. Alikipindua, alisema kweli Mungu amenipa akili. Halafu akanirudishia. Niliona macho yake yakirudi kwenye gurudumu.

"Tonton, mi niko na watoto sita. Nitawapandisha juu ya muti?"

Nilimwapia kwamba mti ule utakishinda chuma. Nilisema nitamchongea na kingine cha akiba. Nilipiga magoti; mimi, ambaye sijampigia mtu goti maishani. Alitoa ufunguo, akauweka polepole juu ya kapo linalofunika injini, kama mtu anayerudisha sahani kwa wenyewe.

Nyumbani bibi yangu alikuwa amekwisha kukunja nguo zake kikapuni. Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliuliza tu mchi wake uko wapi. Nikasema nitamtafutia mpya.

"Acha," alisema. "Yenye imebaki itanitosha."

Tangu siku hiyo alitwanga kwa mchi mfupi kama mkono, ameinama juu ya lile tumbo, na mimi nikimsikia kutoka karakanani.

Hakuzimaliza mvua za mwaka ule. Nilimpeleka makaburini kwa gari ile ile, jeneza limetokeza nyuma, limefungwa kwa mnyororo niliofungia springi. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Nilishusha kioo, nikalisikiliza gurudumu la kushoto njia yote, nikitamani lilie hata mara moja, nijue kwamba yule mtu alikuwa na haki ya kuogopa. Halikulia.