Dawa Zilizokuwa Zikienda Tezo

Wallahi, haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu, na kulikuwa na uhai wa mtu ndani yake. Nakwambia mapema kwa sababu najua utakavyonitazama. Hata mimi ningekutazama hivyo hivyo. Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta na mitandao hapa Malindi, na mteja akiniambia mashine yake imeingiwa na shetani, kwanza humwuliza kama ameichomeka kwenye umeme.

Tuko watu saba tunaocheza gemu moja ya mtandaoni, zile ambazo kila mchezaji ana mtu wake humo ndani, anamvisha, anampa silaha, anamkuza kwa miaka. Saa kumi alasiri, baada ya swala, tunakutana humo kupigana na majitu. Mimi ndiye kiongozi wa kundi, na mtu wangu ni mganga. Hapigani. Kazi yake ni kuwatupia wenzake dawa wanapojeruhiwa. Mganga akizembea wenzake wanakufa, na lawama zote ni zake.

Nilikuwa na amri zangu, na ya kwanza ilikuwa hakuna salamu. Usicheke. Unajua watu wa huku tunavyoamkiana: hujambo, hali yako, wa nyumbani hawajambo, mama ile homa imempoa, na watoto je? Watu saba wakiulizana hivyo kwa kuandika, robo saa imekwisha na jitu limeshatumaliza. Nikapiga marufuku. Ukiingia, shika kazi. Waliguna, hasa Athmani wa Mambrui, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye hanunui hata ndizi bila kumwuliza mwenye ndizi habari za wajukuu. Lakini walinitii.

Kazungu alikuwa mmoja wetu. Mkulima wa Tezo, alicheza kwa simu akitoka shambani. Uso wake sikuwahi kuuona. Nilimjua kwa maandishi yake machache, na kwa mtu wake mwenye ngao aliyesimama mbele yetu kupokea mapigo. Basi siku moja, katikati ya vita, yule mtu wake akaganda. Alisimama wima, hafanyi lolote, akapigwa mpaka akafa, na sisi sote tukafa nyuma yake. Nilikasirika mno. Sikumpigia simu, sikumwuliza kulikoni. Nilimtoa kwenye kundi siku ile ile na nafasi yake nikampa mwingine.

Hazikupita siku tatu, taabu ikaanza. Saa kumi ikishapita kidogo, mchezo unakwama. Picha inaganda, unavuta pumzi mbili tatu, na ikirudi unamkuta mmoja wetu yuko chini, amekufa. Anakufaje, na dawa nimemtupia? Nimeiona kwa macho yangu ikitoka mkononi mwa mganga wangu. Leo anakufa Athmani, kesho mwingine, na kila siku ninalaumiwa mimi.

Nilifanya yote ambayo fundi hufanya. Nilibadilisha waya, nikabadilisha ruta. Nilipima mtandao asubuhi, adhuhuri na jioni, nikaukuta safi isipokuwa dakika zile tu. Niliwaambia wenzangu wafunge kila kitu kingine kwenye simu zao. Mwisho nilihamia kampuni nyingine ya mtandao, na hali ikawa ile ile. Athmani akashauri tusome dua. Nikamjibu asome yeye, mimi nasoma rekodi.

Na kweli nilizisoma. Gemu ile huandika kila kitu, nani kapigwa, nani katupiwa dawa, saa ngapi. Nilifunga duka asubuhi nzima nikapitia mstari kwa mstari, na nikaona. Dawa zangu hazikuwa zikipotea. Zilikuwa zinakwenda kwa Kazungu.

Kazungu ambaye nilimtoa wiki tatu nyuma. Jina lake lilikuwa limebaki chini kabisa ya orodha, mabaki tu ambayo hayakufutika vizuri, na kila siku mchezo ulipokwama, jina lile lilipokea dawa zote za mganga wangu. Nikasema, huyu ananichezea, amepata ujanja wa kutuibia. Nikalifuta. Nikafungua orodha tena na tena mpaka nikahakikisha limetoka. Alasiri ile hakuna kilichokwama, hakuna aliyekufa, na wenzangu wakanisifu sana. Nililala usingizi mzuri.

Kesho yake nilikuwa na kazi Kilifi mjini, na Tezo iko njiani. Mimi kuchezewa sipendi. Nikaona nishuke, nimtafute huyo bwana, nimwambie usoni kwamba nimemgundua. Simu yake haikupatikana, lakini zamani aliwahi kuandika kwao ni wapi. Mwenye bodaboda alinishusha barabara ilipoishia kwenye mchanga mzito, akanionyesha njia inayokatiza kwenye mikorosho, akageuza. Ilikuwa saa saba kasoro, jua la utosi, na hapakuwa na mtu.

Kisha pakawa na mtu. Alisimama njiani mbele yangu, shati la kijani, miguu mitupu. Niamini hapa, maana hapa ndipo watu huniacha. Niliiona midomo yake ikisema. Ikasema, ikafunga. Ndipo sauti ikanifikia.

"Dada fundi."

Nikamwuliza kama ndiye Kazungu. Nilipepesa macho, nikamwona yuko hatua kumi mbele, na sikuona mguu wake ukiinuka. Umewahi kumwona mtu wa gemu ambaye mtandao wake ni mbovu? Yuko hapa, halafu yuko pale, na katikati hakupita. Ndivyo alivyokuwa akienda. Mimi kazi yangu ni hiyo, nimeiona mara elfu kwenye kioo cha kompyuta, na ile hasira niliyotoka nayo Malindi ikaniishia yote. Nilitaka kurudi. Miguu ikakataa kumpa mgongo.

Alikuwa sasa karibu na ua wa makuti. Midomo ikacheza, ikatulia, na sauti ikaja nyuma yake.

"Jana niliingoja dawa."

Halafu hakuwepo. Nikausogelea ule ua, na nyuma yake palikuwa na nyumba.

Nilipiga hodi mara tatu. Aliyenikaribisha ni mama wa makamo, macho yamemvimba kwa kukesha. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama ninatoka hospitali. Nikasema mimi ni rafiki wa Kazungu. Alinishika mkono akaniingiza ndani, na juu ya kitanda cha kamba alikuwa amelala mtu yule yule, na shati lile lile la kijani.

Mama alinieleza. Wiki tatu zilizopita, alasiri, mwanawe alikuwa ameketi barazani na simu mkononi, akaanguka. Hospitalini walimpima hili na lile, hawakuona kitu, wakamrudisha nyumbani. Tangu siku hiyo hajui aliko. Ila kila siku, saa kumi ikishapita kidogo, alikuwa anafumbua macho, anapokea uji vijiko vichache, kisha anarudi kule kule alikokuwa. Uji ule ndio uliomweka hai.

"Jana hakufumbua, mwanangu," mama akasema. "Na leo hata maji hayapiti."

Sikuweza kumtazama. Utamwambia nini mama wa mtu? Kwamba jana nilifuta jina la mwanao ili nicheze raha? Nilikaa chini palepale kwenye sakafu, nikatoa simu, nikafungua gemu. Nilikosea neno langu la siri mara mbili.

Kumrudisha mtu kundini si kazi ya upande mmoja. Mimi natuma mwaliko, na yeye lazima aukubali kwenye simu yake. Nikamwuliza mama simu iko wapi. Akaitoa chini ya mto. Ilikuwa imezima tangu siku ile aliyoanguka, hakuna aliyeichaji. Nilituma mwaliko huku nikiitazama, kioo cheusi, kimya. Na kwenye simu yangu yakatokea maandishi: Kazungu amekubali.

Nikatupa dawa. Haikwenda. Mtandao wa pale ulikuwa mwembamba kama uzi, na kile kiduara cha kungoja kikaanza kuzunguka. Nikatupa tena. Kikazunguka. Kitandani pumzi za Kazungu zilikuwa zinaachana mbali sana, mpaka kati ya moja na nyingine nilidhani ndiyo basi. Nikatoka mbio uani, nikainua simu juu, nikahama huku na huku juani. Mama alinifuata hadi mlangoni akidhani nimepagawa, na sikuwa na muda wa kumweleza. Nilikuwa nalia. Nakwambia kweli, nilikuwa nalia na kuitukana simu.

Ufundi ukanijia dakika ya mwisho. Mtandao ukiwa dhaifu, picha haipiti, lakini maneno matupu hupita. Niandike nini? Sikuwa na la kumwamuru. Niliandika yale ambayo mtu wa kwetu huandika: Salaam, Kazungu. Hujambo? Hali yako? Hatujakuona siku nyingi, wa nyumbani hawajambo? Nikatuma. Yakapita. Na nyuma yake dawa zangu zote zikaenda, moja baada ya nyingine, mpaka mganga wangu akabaki mikono mitupu.

Mama aliita jina la mwanawe. Niliporudi ndani Kazungu alikuwa amefumbua macho, ananitazama. Midomo yake ikacheza, ikatulia, na mama akaniangalia kama kuniuliza alichosema, maana hatukusikia kitu. Kisha sauti ikatoka.

"Sijambo, dada. Sijui ninyi."

Alipewa uji. Mimi sikufika Kilifi siku ile.

Niliporudi Malindi niliwaita wenzangu nikawaeleza yote. Nilidhani watanicheka. Athmani akasema mapigano yanaweza kungoja. Kwa miezi miwili, kila alasiri, sote tulisimama bila kupigana na dawa zote zikaenda Tezo. Leo Kazungu anatembea, analima, na anacheza nasi. Ila ukizungumza naye utaona. Midomo inatangulia, sauti inafuata. Watu wa kwao wamezoea. Mimi sijazoea.

Nilidhani yamekwisha. Mwezi huu mchezo umeanza kukwama tena, saa ile ile. Safari hii sikugusa waya wala ruta. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rekodi, na chini kabisa ya orodha nikakuta jina ambalo hakuna kati yetu anayelijua: Tausi Mweupe. Hakuwahi kuwa wa kundi letu. Sijui alitupataje. Dawa zetu zinakwenda kwake kila siku, na sisi tunakufa mmoja mmoja, na hakuna anayelalamika. Kinachonitisha ni siku umeme ukikatika, au nikiugua, au nikifa mimi.

Kwa hiyo na wewe unayenisikiliza, ukiwa unaongoza kundi lolote, usilifute jina la mtu kabla ya kujua aliko mwenyewe. Na kama kwenu, popote pale, kuna mgonjwa aliyelala asiyejitambua, na saa kumi alasiri anafumbua macho kidogo, tazama simu yake alikuwa akicheza nini, uniletee habari. Natafuta nyumba yake.