Eda ya Siku Kumi na Nne

Darini kwetu, katika nyumba ya Mji wa Kale niliyoachiwa na mama, mna chumba ambacho jua la alasiri huingia kwa vipande. Hupenya kwenye vibao vya dirisha likalala sakafuni mistari mistari, na ukikaa ukiitazama, unasahau ulichopandia ngazi. Mama alikaa eda humo baba alipofariki. Miezi minne na siku kumi hakutoka, hakujitia manukato, hakukutana na mwanamume asiye wa nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kumpandishia sinia ya chakula. Nilikuwa nikimkuta amekaa katikati ya ile mistari, kimya, hata nikawa naogopa kukanyaga kwa nguvu.

Chumba hicho ndicho ninachokipangisha sasa. Wanangu walitaka nikitoe kwa watalii wanaokuja kuizuru Ngome ya Yesu. Nikawaambia hakuna suruali fupi itakayopanda ngazi za mama yangu. Nikakubaliana na kikundi cha kina mama wanaowahifadhi wanawake waliokimbia nyumba zao. Kila ajaye hukaa wiki mbili au tatu, mpaka apatiwe pa kwenda. Sharti lao lilikuwa moja: jirani asijue. Nilicheka mpaka machozi. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba kijiko kikianguka kwangu, nyumba ya mbele wanajua kama ni cha chai au cha pilau.

Huyu ninayemkumbuka alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa msichana wa Likoni, mkono wa kushoto una plasta. Mumewe ndiye aliyeuvunja, na alikuwa ameapa kumrudisha nyumbani hata ikibidi abishe kila mlango wa kisiwa hiki. Kikundi kilihitaji siku kumi na nne kumpatia kazi na chumba Malindi. Siku hizo zote mumewe asimwone. Sikuombwa zaidi ya hilo.

Jirani yangu wa mbele, bibi anayekaanga bajia mlangoni pake, alimwona akiingia. Aliona buibui, uso uliofunikwa, mabega yanayotetemeka na mkoba mmoja tu.

"Masikini, mtoto mdogo vile," akaninong'oneza. "Amefiliwa na mumewe? Yuwakaa eda?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ni mgonjwa, ni binti wa binamu yangu, chochote. Mdomo wangu huu, ambao siku zote haukosi la kusema, siku hiyo ukajifumba. Nikainamisha kichwa. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba darini kwangu mna mjane.

Sahani zikaanza kuja. Ukaja wali wa nazi, ukaja mkate wa kumimina, zikaja tambi ambazo sikuwa nimezila tangu Ramadhani. Wanawake wakapanda kumpa pole. Walimkumbatia kwa uangalifu wasiguse ile plasta, na katika kushuka wakaambizana kwamba bila shaka ni ajali ya gari, mume kafa yeye kavunjika mkono. Sikuwa nimetamka neno, na tayari marehemu alikuwa na gari! Msichana alilia kweli kila alipopewa pole. Baadaye aliniambia kwamba tangu aolewe hakuna aliyewahi kumwambia pole.

Nilijikasirikia sana. Eda si mchezo, na mimi nilikuwa nimemuua mtu mzima anayekula na kunywa ng'ambo ya kivuko. Nilitubu kila sala, kisha nikikunja msala naendelea na uongo wangu.

Lakini jambo la ajabu ni kwamba nyumba yenyewe ilikubali. Niliacha kufukiza udi bila kujiambia niache. Nilianza kusema kwa sauti ya chini, na hata redio niliipunguza. Alasiri, mtaa ukiwa umelala na upepo wa bahari ukipitapita ngazini, nilipanda na sinia nikamkuta amekaa katikati ya ile mistari ya jua, kichwa amekiegemeza ukutani, pale pale alipokuwa akiegemea mama. Nilisimama mlangoni na sinia yangu. Kwa muda sikujua kama nina miaka kumi au hamsini na sita, wala nani aliyekufa. Nilihisi kwamba nikisema neno, mama atageuka. Aligeuka msichana, akanipokea sinia kwa mkono wake mmoja.

Mara nyingine tulikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Sikuwahi kumpenda mtu haraka namna ile.

Siku ya kumi na mbili, baada ya sala ya alasiri, nilisikia sauti ya mwanamume kichochoroni. Nilikuwa ukumbini, nyuma ya mlango wangu ulio wazi nusu.

"Salaam aleikum, bibi," alikuwa akimwambia jirani yangu. "Namtafuta mke wangu. Ameonekana akishuka tuktuk karibu na Ngome. Mkono wake una plasta."

"Waaleikum salaam," bibi akajibu, na mafuta ya bajia nikayasikia yakichachatika. "Mke wako simjui mimi. Nyumba hiyo yuu mna mwanamke wa eda. Hapandi mwanamume hapo."

Nikaona kivuli cha mguu wake kikigusa kizingiti changu. Mwalimu wa chuo, aliyewasomesha Kurani watoto wetu wote, alikuwa amekaa barazani kama desturi yake. Akainuka.

"Kijana," alisema, "hapo pana eda."

Kivuli kikarudi nyuma. Mtu yule aliyevunja mfupa wa mkewe aliuogopa mlango ule.

"Mungu amrehemu marehemu," akasema.

"Amina," nikaitikia nyuma ya mlango kwa moyo wangu wote, Mungu anisamehe. Darini kijiko kikaanguka, kikagonga sakafu mara mbili. Kichochoroni hakuna aliyeinua kichwa.

Ilipofika siku ya kumi na nne nilikuwa sijalala. Kazi na chumba vilikuwa tayari, tuktuk ingefika saa nne, na mjane wangu angetokaje mchana mweupe katika eda ya majuma mawili? Kabla sijapata hila, jirani yangu akapiga hodi. Mkononi ana chetezo kinachofuka udi, kwapani hina, na kikuba, kishada cha asumini cha kuvaa kifuani, kimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Leo yuwatoka eda," akasema.

Nikafungua mdomo. Akaninyamazisha kwa jicho.

"Nimekaa eda mara mbili mimi, mwanangu. Mjane hubishiwa mlango kutwa kucha, wala hashtuki. Huyu kila hodi, kijiko chaanguka tini. Siku ya pili tu nilijua."

Akapanda. Akamfukiza nguo, akampaka hina vidole vitano vilivyochungulia kwenye plasta, akambandika kikuba kifuani. Harufu ya udi ikashuka ngazi mbele yao, na mimi nikalia wazi wazi, sikujificha.

Kichochoroni wanawake walikuwa wamesimama milangoni. Mmoja mmoja walimshika mkono ule mzima, wakasema, "Alhamdulillahi, eda imekwisha." Hakuna aliyehesabu siku.

Mwalimu wa chuo, ambaye masomo yake ya eda wote pale tuliyajua kwa moyo, miezi minne na siku kumi, aliondoka barazani kumpisha.

"Mungu aikubali eda yako, binti," akamwambia, na akamfungulia njia mpaka kwenye tuktuk.